Saa ya simu yazimwa ng'ambo: Mfanyabiashara wa Kisiba apime mitambo yake

WAFANYABIASHARA wa ndizi, kahawa, chai na maparachichi wa Kisiba, Masoko na maeneo mengine yanayouzunguka mji wa Tukuyu wilayani Rungwe wanaweza kudhani kwamba kuzimwa kwa saa ya simu huko Ufaransa na Australia hakuwahusu. Kunawahusu. Sababu zilizoiondoa huduma hiyo ndizo zilezile zilizoondoa telegramu, simu ya opereta na vibanda vya simu hapa nchini. Ndizo pia zitakazoamua iwapo mashine ya risiti, kifaa cha kufuatilia lori au kitochi unachopokelea malipo leo vitakuwa na kazi miaka michache ijayo.

Ukurasa huu kwa kawaida hushughulika na bei. Wiki hii tunaeleza gharama isiyoandikwa kwenye ubao wa bei sokoni, nayo ni gharama ya kutegemea mtambo ambao mwenyewe ameshaamua kuuacha, au yu karibu kuamua.

Saa iliyouzwa kwa simu

Saa ya simu ni huduma ambayo mtu hupiga namba fupi na kusikia sauti ikitaja saa, dakika na sekunde, kisha mlio unaoonyesha ni wakati gani hasa. Ilianza jijini Paris tarehe 14 Februari 1933. Mkurugenzi wa kituo cha elimu ya nyota cha jiji hilo, Ernest Esclangon, aliona simu ya kituo inashikiliwa kutwa nzima na watu wanaouliza saa, wenye shughuli nyingine wasipate nafasi. Akaamua kuiweka saa yenyewe ijibu. Siku ya kwanza zilipigwa simu zipatazo 140,000, na zilizoweza kujibiwa hazikuzidi sana 20,000.

Uingereza ilifuata tarehe 24 Julai 1936. Sauti iliyochaguliwa ilikuwa ya Ethel Cain, mfanyakazi wa kuunganisha simu, nayo ilinaswa kwenye visahani vya kioo vilivyozungushwa na mota. Huduma ilianzia London peke yake, na katika mwaka wa kwanza ilipigiwa karibu mara milioni 13.

Kwa jicho la kibiashara, hiyo ilikuwa bidhaa nzuri. Saa za ukutani na za mkononi za wakati ule zilipoteza dakika. Benki, reli, fundi saa na mwenye kiwanda walihitaji wakati sahihi, na kampuni ya simu ilikuwa nao. Kila simu ililipiwa, na gharama ya kuendesha mtambo haikubadilika sana hata kama waliopiga ni kumi au elfu kumi. Hapa ndipo penye siri ya faida yake, na ndipo penye siri ya kifo chake vilevile. Mtambo ambao gharama yake haipungui huleta faida kubwa wateja wakiwa wengi, na hula mtaji wateja wakipungua.

Huku kwetu wananchi wengi walichukua saa redioni. Mkulima wa Rungwe aliyekuwa na saa ya mkononi aliirekebisha pale mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam alipotaja saa kabla ya kusoma taarifa ya habari. Haikumgharimu kitu zaidi ya betri.

Kwa nini zilizimwa

Ufaransa ilizima saa yake ya simu tarehe 1 Julai 2022, baada ya miaka 89. Kampuni ya Orange ilieleza kwamba wapigaji walikuwa mamilioni mwaka 1991, lakini mwaka 2021 wamebaki makumi ya maelfu. Huko Australia, Telstra iliizima mwishoni mwa Septemba 2019, kwa kuwa mtambo wake haukuweza kufanya kazi na mtandao mpya wa kampuni hiyo. Jimbo la California nchini Marekani lilitangulia mwaka 2007, pale AT&T ilipofunga huduma yake.

Msomaji aziangalie vizuri sababu hizo. Ya kwanza ni wateja kupungua hadi mapato yakashindwa kulipia matunzo. Ya pili ni mitambo kuzeeka, vipuri kutotengenezwa tena na mafundi waliovijua kustaafu. Ya tatu ni mtandao wa chini yake kubadilishwa, huduma ya zamani ikakosa pa kukaa hata kama yenyewe bado nzima. Yoyote kati ya hizo tatu inatosha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna mahali ambapo saa ilizimwa kwa sababu watu hawakuhitaji tena wakati sahihi. Mahitaji yameongezeka. Setilaiti zinazotumiwa kuonyesha mahali, zile za mfumo wa GPS, zimebeba saa za atomiki. Minara ya simu huhitaji kwenda kwa wakati mmoja ili isigongane. Kila muamala wa pesa kwa simu huandikwa na saa yake, na saa hiyo ndiyo ushahidi pale mnunuzi anaposema amelipa na muuzaji anaposema hajaona kitu. Simu ya mkononi hupokea saa kutoka mnarani bila mwenye nayo kuomba wala kulipia. Hitaji limebaki palepale. Njia ya zamani ya kulitimiza ndiyo iliyokosa wateja.

Ndivyo ilivyo katika biashara ya mazao pia. Mkulima wa Kisiba anahitaji kujua bei ya Dar es Salaam leo kama alivyohitaji miaka 40 iliyopita. Kilichobadilika ni njia ambayo habari hiyo inampitia, na nani analipwa njiani.

Ya kwetu: nguzo, nyaya na opereta

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu lilivunjika nayo, na Tanzania ikaunda Shirika la Posta na Simu. Sheria za mwaka 1993 zililigawa shirika hilo, na Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL) ikaanza kazi mwaka 1994. Nguzo, nyaya za shaba, mitambo ya kuunganisha simu na orodha ndefu ya watu waliokuwa wakisubiri kufungiwa simu, vyote viliingia mikononi mwa kampuni hiyo mpya.

Wenye umri mkubwa wanakumbuka utaratibu wa zamani. Mtu wa Kisiba aliyetaka kuzungumza na dalali wa Dar es Salaam alikwenda Tukuyu, akaomba opereta amuunganishe, akasubiri. Aliyekuwa na neno fupi alituma telegramu, ambayo ililipiwa kwa hesabu ya maneno, ndiyo maana watu walijifunza kuandika "NJOO HARAKA" bila salamu. Misheni na baadhi ya taasisi zilikuwa na simu ya upepo. Wengine wote walingoja dereva wa lori arudi na habari za soko.

Kuchelewa huko kulikuwa na bei. Dalali aliyejua bei ya mjini asubuhi alinunua mikungu shambani kabla mkulima hajaijua, na tofauti hiyo ikabaki mfukoni mwake. Si kwamba alikuwa mwizi. Alikuwa na habari, na habari ilikuwa ghali.

Mazingira ya Rungwe nayo hayakuzisaidia nyaya. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko nyingine nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maji huingia kwenye maungio, nguzo za miti huoza chini, matawi huangukia waya, na fundi anapaswa kupanda na kushuka milima kutafuta penye hitilafu. Aidha, wizi wa nyaya za shaba umekuwa tatizo la muda mrefu nchini kote. Waya uliokatwa usiku mmoja na kuuzwa kama chuma chakavu huacha ofisi, zahanati na maduka bila simu, na thamani anayoipata mwizi ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kurudisha laini.

Kisha zikaja simu za mkononi. Mobitel ilianza mwaka 1994 kwa mitambo ya analojia, Tritel ikafuata mwaka 1995 kwa mitambo ya kidijitali, Zantel mwaka 1999 na Vodacom mwaka 2000. Celtel iliingia mwaka 2001. Ndiyo iliyoitwa Zain baadaye, na kisha Airtel. Mwaka 2000 laini za simu za mezani nchini zilizidi 170,000, nyingi kuliko za mkononi. Mwaka uliofuata za mkononi zilikuwa zimeshazipita. Mwishoni mwa mwaka 2022 laini za mkononi zilizidi milioni 60, ilhali za mezani hazikufika laki moja.

Isidhaniwe kwamba kipya hakizeeki. Mitambo ya analojia ya Mobitel ilibadilishwa. Tritel ilifungwa mwaka 2003. Simu zisizo na waya za teknolojia ya CDMA, ambazo TTCL iliziuza kwa wingi na ambazo kampuni ya Sasatel iliingia nazo sokoni mwaka 2009, zimeondoka. Aliyenunua simu ya aina hiyo hakuweza kuitia laini ya kampuni nyingine ikafanya kazi. Runinga za analojia zilianza kuzimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Simu bandia zilizimwa tarehe 16 Juni 2016. Kila mara kulikuwa na mtu aliyenunua kifaa wiki chache kabla kwa sababu aliuziwa kwa bei ya chini, bila kujiuliza kwa nini bei imeshuka.

Hesabu ya huduma inayozeeka

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Mtambo mdogo wa simu za mezani una wateja 200, na matunzo yake ni shilingi milioni nne kwa mwezi: mafundi, umeme, vipuri na usafiri. Kila mteja anabeba shilingi 20,000. Wateja 120 wakihamia simu za mkononi, wanabaki 80, na kila mmoja sasa anabeba shilingi 50,000. Wakibaki 40, kila mmoja anabeba 100,000.

Mwenye mtambo ana njia tatu. Akipandisha ada, atawafukuza waliobaki. Akiacha ada ilivyo na kufidia kutoka mfuko mwingine, wenye hisa au walipa kodi ndio watakaolipa. Akipunguza matunzo, laini itaanza kukatika, na wateja wataondoka kwa sababu hiyo. Njia zote tatu zinaishia pamoja, ila kasi ndiyo inayotofautiana.

Kwa hiyo huduma ya namna hii haifi siku inapozimwa. Inakuwa imeshakufa miaka kadhaa kabla, siku ambayo walipaji walipungua kuliko gharama. Tangazo la kuzima huja baadaye. Mfanyabiashara anayesubiri tangazo ndipo ahame, atahama pamoja na umati, vifaa vipya vikiwa vimepanda bei na mafundi hawana nafasi.

Dalili za mapema zipo na hazihitaji utaalamu. Fundi anasema kipuri kinatolewa kwenye mashine iliyokufa kwa sababu kipya hakiletwi. Duka halina tena kifaa cha aina hiyo, ila mtumba. Anayepokea simu kwa mtoa huduma anamuuliza mwenzake namna ya kukusaidia. Ada inapanda huku huduma ikishuka. Jirani zako wanne waliokuwa na kifaa kama chako, watatu wameshakiacha. Ukiona dalili tatu kati ya hizo, anza kuweka akiba ya kuhama.

Zamu inayofuata

Huduma zilizo mstarini sasa duniani ni mitandao ya simu ya kizazi cha pili na cha tatu, yaani 2G na 3G. AT&T ya Marekani ilizima 2G tarehe 1 Januari 2017 na 3G Februari 2022. Kampuni za Ujerumani zilizima 3G mwaka 2021 zikaacha 2G iendelee. Australia ilimaliza kuzima 3G mwaka 2024. Huko Uingereza, mtandao wa zamani wa simu za mezani umepangiwa kuzimwa mwishoni mwa Januari 2027.

Mfano wa Ujerumani una fundisho ambalo wengi hawalitegemei. Kilicho cha zamani zaidi si lazima kiondoke kwanza. Kampuni zilizo na 2G, 3G na 4G kwa pamoja mara nyingi huona 3G ndiyo yenye kazi ndogo: intaneti imehamia 4G, na simu za kawaida na mashine ndogondogo zinatumia 2G. Kwa hiyo modemu ya mtumba ya 3G iliyouzwa kwa bei ya kuvutia inaweza kuwa hatari kuliko kitochi cha bei ndogo.

Hapa Rungwe, 2G bado ina kazi nzito. Kitochi ndicho benki ya mkulima mdogo. Malipo kwa simu yalianza nchini mwaka 2008 kwa huduma ya M-Pesa ya Vodacom, na hadi leo menyu inayofunguka kwa kupiga nyota na namba haihitaji simujanja wala intaneti. Mashine nyingi za EFD, ambazo TRA ilianza kuzitumia mwaka 2010, zina laini ya simu ndani yake na hutuma taarifa ya mauzo ya siku kwa njia hiyo. Vifaa vya kufuatilia magari vilivyofungwa kwenye mabasi na malori navyo vina laini. Mwenye duka hujua mashine yake ina karatasi au haina. Ni wachache wanaojua inatumia mtandao wa kizazi gani.

Siku mtandao huo utakapopunguzwa, gharama ya kuhama haitagawanywa sawa. Mnunuzi mkubwa wa maparachichi ana simujanja tatu na karani wa kuzishughulikia. Mkulima mwenye miti 30 ana kitochi kimoja, na huenda ndicho kinachopokea fedha za familia nzima. Asipopokea fedha kwa simu, atalazimika kupokea taslimu kwa mnunuzi aliyefika shambani siku hiyo, kwa bei ya mnunuzi huyo, na hapo tutakuwa tumerudi kwenye enzi ya dalali mwenye habari peke yake. Vyama vya ushirika vinavyolipa wanachama kwa simu vinapaswa kulijadili hili mapema, na si siku ambayo malipo yamegoma.

Vilevile ieleweke kwamba mitambo ya zamani ilikuwa na faida ambazo mipya haijazirudisha zote. Simu ya mezani ya waya wa shaba ilipata umeme wake kutoka kwenye betri za mtambo, hivyo ilifanya kazi nyumba ikiwa gizani. Namba yake ilifungwa mahali pamoja, na mwenye mali wa Mbeya au Dar es Salaam aliichukulia kama anwani: duka lipo, mtu yupo. Saa ya simu iliwafaa wasioona kuliko saa yoyote ya ukutani. Anayehama asiache mambo hayo nyuma bila kujua atayapata wapi.

Mpakani kuna saa mbili

Kuna hasara moja ya saa ambayo inawapata wafanyabiashara wa ukanda huu hasa. Malawi na Zambia ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu iliyowekwa ijirekebishe saa yenyewe, ikifika Kasumulu au Tunduma na kunasa mnara wa ng'ambo, inaweza kurudi nyuma saa nzima bila kumwambia mwenye nayo.

Tuseme zabuni ya mazao inafungwa saa tisa alasiri. Mnunuzi aliyelala Kasumulu anaangalia simu yake, inamwonyesha saa nane. Anajiona ana saa nzima mkononi, kumbe dirisha limeshafungwa. Mambo haya hayakuwa na uzito mkubwa wakati biashara ilikuwa ya kukutana uso kwa uso. Siku hizi kakao ya Kyela, Busokelo na Rungwe imekuwa ikiuzwa kwa minada chini ya stakabadhi ghalani, na Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) limeendesha minada ya kielektroniki ya mazao kadhaa. Kompyuta ya mnada haimsubiri mtu aliyekwama njiani, na zabuni iliyochelewa dakika moja ni sawa na isiyoletwa.

Dawa yake ni rahisi. Anayevuka mpaka au kufanya kazi karibu nao aiondoe simu kwenye kujirekebisha yenyewe na kuiweka kwa saa ya Tanzania. Aidha, anayeandikiana na mtu wa nje kwa Kiingereza akumbuke kwamba saa tatu yetu ya asubuhi ni saa 9 kwao. Waandike zote mbili kwenye mkataba, au waandike kwa mtindo wa saa 24, ili kusiwe na ubishi.

Mwenye hisa atazame nini

Kwa wawekezaji wadogo, historia ya TTCL ina somo la tarakimu. Februari 2001 serikali ilikubali kuuza asilimia 35 ya hisa za kampuni hiyo kwa ubia wa MSI na Detecon kwa dola za Marekani milioni 120. Zililipwa milioni 60 kwanza, na zilizobaki zikaleta mzozo. Mwaka 2016 serikali ilizinunua tena hisa hizo, wakati huo zikiwa mikononi mwa Bharti Airtel, kwa shilingi bilioni 14.9, ambazo kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku zile zilikuwa yapata dola milioni saba.

Asiyejua undani atasema thamani iliyeyuka tu. Ukweli una sehemu mbili. Mwaka 2005 biashara ya simu za mkononi, yaani Celtel Tanzania, ilitenganishwa na TTCL, na ndiko ukuaji ulikokwenda. Zilizobaki kwenye TTCL zilikuwa nyaya, majengo, wafanyakazi na madeni. Mwekezaji aliyeshika upande wa waya peke yake alishika upande unaopungua. Baada ya hapo TTCL iligeuzwa kuwa shirika la umma kwa sheria ya mwaka 2017, na nguvu zake zimeelekezwa zaidi kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano na nyuzi za kioo.

Fundisho la pili linatoka upande wa ukuaji. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza kwa umma asilimia 25 ya hisa zake kwa shilingi 850 kila moja, ikakusanya shilingi bilioni 476, na ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam mwezi Agosti. Ilikuwa kampuni yenye wateja wengi na teknolojia inayokua. Hata hivyo, hisa yake ilikuja kukaa kwa kipindi kirefu kwenye shilingi 770, chini ya bei ya kuingilia. Kwa hiyo kuikimbia teknolojia inayokufa hakutoshi. Bei unayolipia teknolojia hai nayo ipimwe.

Mwenye kutaka kununua hisa za kampuni yoyote ya mawasiliano asome taarifa yake ya mwaka akitafuta mambo matatu. Mapato mangapi yanatoka kwenye huduma ambayo wateja wake wanapungua? Fedha kiasi gani zinatengwa kwa mitambo mipya kila mwaka? Kampuni ina madeni ya fedha za kigeni kiasi gani, ikizingatiwa kwamba mitambo hununuliwa kwa dola na wateja hulipa kwa shilingi? Kampuni isiyotenga fedha za mitambo inaweza kutoa gawio nono miaka miwili au mitatu, huku inakula mbegu.

Mambo ya kufanya

Wafanyabiashara wa Kisiba na Tukuyu wanashauriwa yafuatayo.

1. Andika kwenye daftari kila kifaa cha biashara chenye laini ya simu: simu za malipo, mashine ya EFD, kifaa cha gari, modemu, kengele ya wizi. Muulize aliyekuuzia kila kimoja kinatumia mtandao wa kizazi gani, na akuandikie jibu kwenye risiti.

2. Ukinunua kifaa kipya, nunua chenye uwezo wa 4G pamoja na 2G. Kinachotumia 3G peke yake kiache, hata kama bei yake imeshuka.

3. Usitegemee laini moja kwa malipo yote. Kuwa na laini ya pili ya kampuni nyingine, iliyosajiliwa kwa jina lako na kwa alama za vidole. Laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji ni mali ya shemeji.

4. Tenga kila mwezi akiba ndogo ya kubadilisha vifaa. Kifaa cha shilingi 120,000 unachotarajia kukitumia miaka minne kinahitaji shilingi 2,500 tu kwa mwezi. Anayetenga hakopi siku ya siku.

5. Viongozi wa vyama vya ushirika wahesabu ni wanachama wangapi wanapokea malipo kwa vitochi, na walifikishe suala hilo kwa watoa huduma na kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Upo pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni haziyaoni kuwa na faida. Maombi yenye hesabu ya watu husikilizwa kuliko malalamiko ya jumla.

6. Ukiona nyaya za shaba zinauzwa kama chuma chakavu bila karatasi, usinunue. Mbali na kuwa ni kosa la jinai, huenda ni laini ya zahanati yenu.

Mitambo ya simu itaendelea kubadilishwa, na hakuna mfanyabiashara wa Rungwe atakayeulizwa kabla ya uamuzi. Anachoweza kuamua mwenyewe ni kama atahama akiwa na akiba na nafasi ya kuchagua, au atahama siku malipo ya mavuno yamekwama.